Mwandishi wa Michezo Asiyehesabu Mabao Tu

Maji yakitoka, pwani ya Mtoni hugeuka kiwanja. Vijana hupanga mawe mawili huku na mawili kule, yakawa magoli. Mpira unaanza. Zamani waliocheza pale walikuwa wanaume tu. Siku hizi na watoto wa kike wanaonekana, wamevaa suruali ndefu na mitandio yao kichwani. Wapo watu wanaosimama kuwapigia makofi. Wapo pia wanaowazomea.

Jioni moja, mama mmoja wa kikundi chetu cha kisomo alibaki nyuma baada ya somo. Alitwambia hivi: "Walimu wangu, mimi nina jambo. Binti yangu ana miaka kumi na tatu, anapenda mpira. Mjomba wake anasema ni uhuni. Mimi sioni uhuni, lakini naogopa. Huyo mwalimu wake wa mpira namjuaje? Na likitokea la kutokea, nani atatusikiliza watu kama sisi?"

Swali hili si dogo. Ndani yake mna mambo mawili. La kwanza ni ubaguzi, yaani mtu kuzuiwa jambo kwa sababu ya jinsi alivyoumbwa, wala si kwa kosa alilofanya. La pili ni unyanyasaji, yaani mwenye nguvu kumtendea ubaya aliye chini yake. Tulilizungumza swali hilo na wanakisomo siku tatu. Leo tunaeleza habari za watu wanaofanya kazi ya kuyafichua mambo hayo. Watu hao ni waandishi wa habari za michezo.

Kazi yake ni nini?

Wengi wetu tukisikia mwandishi wa michezo tunamfikiria yule wa redioni. Anatwambia nani kafunga, dakika ya ngapi, na nani kapewa kadi nyekundu. Kazi hiyo ni nzuri na tunaipenda.

Lakini michezo si mabao tu. Ndani ya michezo mna watoto wanaolala kambini mbali na wazazi wao. Mna makocha wenye uwezo wa kumchagua mchezaji au kumwacha. Mna viongozi wa vyama wenye fedha na safari. Mna madaktari wanaotoa dawa. Palipo na uwezo mkubwa na wasimamizi wachache, maovu hupata pa kujificha. Mwandishi anayechunguza ndiye anayeuliza: Mchezaji huyu mbona kaacha ghafla? Dawa hii ni ya nini? Kwa nini watoto wanamwogopa kocha huyu?

Tutamtaja mmoja katika waandishi hao, maana kazi yake imegusa hata Afrika ya Mashariki yetu.

Mtangazaji wa kuogelea

Hajo Seppelt ni Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1963 katika mji wa Berlin. Kwa miaka mingi alikuwa akitangaza mashindano ya kuogelea katika televisheni ya ARD ya Ujerumani. Angeweza kuendelea hivyo mpaka uzeeni. Lakini alikuwa mtu wa kuuliza maswali.

Zamani Ujerumani zilikuwa mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, mpaka zilipoungana mwaka 1990. Serikali ya Ujerumani ya Mashariki ilitaka sifa ya medali. Basi maelfu ya wanamichezo walipewa dawa za kuongeza nguvu, na wengi wao walikuwa watoto. Watoto waliambiwa vile vidonge ni vitamini. Wazazi hawakuambiwa kitu. Wasichana sauti zao zikawa nzito kama za wanaume. Baadhi yao walipata maradhi waliyoishi nayo mpaka ukubwani.

Mwaka 1999 Seppelt na mwenzake walitoa kitabu juu ya watoto hao. Mwaka 2000 mahkama ya Berlin ilimtia hatiani aliyekuwa mkuu wa michezo wa Ujerumani ya Mashariki. Tuzingatie jambo moja hapa. Medali watu waliziona, nyimbo za taifa zilipigwa na bendera zilipandishwa. Ila mateso ya watoto hayakuonekana mpaka watu walipokwenda kuyatafuta.

Mwaka 2006 Seppelt aliwaandikia wakubwa wake. Alilalamika kwamba habari za dawa hizo hazipewi nafasi ya kutosha katika vipindi vya michezo. Kazi ya kutangaza kuogelea akaondolewa. Ukweli una gharama, na mara nyingine wa kwanza kulipa ni yule anayeusema. Lakini hakuacha. Baadaye ARD iliunda kikundi cha waandishi cha kuchunguza mambo ya dawa michezoni, na yeye akawa kiongozi wake.

Desemba 2014 ARD ilionyesha filamu yake juu ya dawa katika riadha ya Urusi. Mashahidi wakubwa walikuwa mume na mke. Mume, Vitaly Stepanov, alifanya kazi katika ofisi ya Urusi ya kupambana na dawa hizo. Mke, Yuliya, alikuwa mkimbiaji. Walihama nchi yao kabla filamu haijaonyeshwa. Novemba 2015 chama cha riadha cha Urusi kilisimamishwa. Mwaka 2018, Kombe la Dunia lilipokuwa likichezwa Urusi, Seppelt alikatazwa kuingia nchini humo. Baada ya serikali yake kuingilia kati aliruhusiwa, lakini hakwenda, kwa kuchelea usalama wake.

Binti wa Jinja

Sasa tuje karibu na kwetu.

Annet Negesa alizaliwa mwaka 1992 Jinja, Uganda, pale Mto Nile unapotoka katika Ziwa Nyanza. Alikuwa hodari wa mbio. Mwaka 2011, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Maputo, alipata medali ya dhahabu. Mwaka 2012 alikimbia mita 800 kwa dakika 1, sekunde 59 na nukta 08, ikawa rekodi ya Uganda. Alikuwa na miaka 20. Njia ya kwenda Olimpiki ya London ilikuwa wazi mbele yake.

Kabla ya michezo hiyo kuanza aliambiwa hatakimbia. Sababu ilikuwa homoni. Homoni ni kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza, kikapita katika damu na kuviamuru viungo vikue na vifanye kazi. Moja ya homoni hizo huitwa testosteroni. Wanaume huwa nayo nyingi, wanawake huwa nayo kidogo. Lakini wapo wanawake waliozaliwa na maumbile yanayofanya miili yao itengeneze nyingi zaidi. Negesa ni mmoja wao. Hakunywa dawa. Hakudanganya. Ndivyo Mungu alivyomuumba.

Mwaka 2011 Shirikisho la Riadha la Dunia lilikuwa limeweka kanuni kwamba mwanamke wa namna hiyo apunguze homoni ndipo akimbie na wanawake wenzake. Novemba 2012 Negesa alifanyiwa upasuaji mjini Kampala. Anasema hakuelezwa sawasawa atakachofanyiwa. Alidhani ni jambo jepesi. Alipoamka alikuta ana majeraha ya kisu. Baada ya hapo mwili ulidhoofika, viungo vikawa vinauma, na mbio zake hazikurudi tena kama zamani. Alipoteza hata nafasi ya masomo aliyokuwa ameipata kwa ajili ya kukimbia.

Kwa miaka saba watu wachache sana walilijua jambo hilo. Hebu fikirini, ndugu wasomaji. Binti wa kijijini, hana mwanasheria, hana fedha. Angekwenda kumshitaki nani?

Mwaka 2019 waandishi wa kikundi cha Seppelt walimwonyesha katika filamu yao, akaeleza mwenyewe kwa jina lake na kwa uso wake. Dunia ikasikia. Shirikisho la Riadha lilikana kwamba lilihusika na upasuaji ule. Mwaka huohuo Ujerumani ilimpa Negesa hifadhi, maana alihofia usalama wake akirudi nyumbani. Desemba 2020 shirika la kutetea haki la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wakimbiaji waliotendewa kama yeye.

Lazima tuseme na upande wa pili. Wapo wanaosema kanuni zinahitajika, ili wanawake wengine nao washindane kwa haki. Wanaosema hivyo si watu wabaya, na mjadala haujesha. Waliopata medali za mita 800 za wanawake katika Olimpiki ya mwaka 2016 ni Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Wote watatu walibanwa na kanuni hizo baadaye. Julai 2025 Mahkama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Semenya hakupewa usikilizwaji wa haki katika mahkama ya Uswisi. Mwaka huohuo wa 2025 Shirikisho la Riadha liliongeza kipimo cha vinasaba kwa wanawake wote wanaotaka kukimbia mashindano ya dunia.

Basi kanuni watu wanaweza kubishana juu yake. Lakini kumpasua mtu bila ya yeye kuelewa, kisha kumwacha bila ya matunzo, hilo halina mjadala. Huo ni unyanyasaji.

Mtoto wa kiume naye

Mtu asidhani haya huwapata watoto wa kike tu. Nyote mnawajua vijana wa makachu, wanaoruka pale Forodhani na kuzama majini huku wageni wakiwapiga picha. Ulaya kuruka namna hiyo ni mchezo wa mashindano, na una kocha na medali.

Jan Hempel alikuwa bingwa wa mchezo huo Ujerumani. Alipata medali ya fedha katika Olimpiki ya mwaka 1996. Agosti 2022, katika filamu ya Seppelt, Hempel alieleza kwamba kocha wake alimnajisi kwa miaka mingi, tangu akiwa mtoto wa miaka 11. Alisema pia kwamba aliwahi kutoa taarifa, na wakubwa wakanyamaza. Kocha alikwishafariki. Baada ya filamu, chama cha kuogelea cha Ujerumani kiliunda tume huru ya kuchunguza.

Huyu alikuwa mwanamume, hodari, bingwa wa kimataifa, katika nchi tajiri. Hata hivyo ilimchukua miaka zaidi ya 20 kusema hadharani. Basi tusimshangae mtoto wetu anayeshindwa kusema.

Inafanywaje kazi hii?

Mwanakisomo mmoja alituuliza: "Kwa hiyo mwandishi akisikia uvumi anaandika?" La. Uvumi si habari. Mwandishi mwema hufuata hatua, na sisi tunaweza kujifunza kwake.

Kwanza husikiliza. Hamharakishi mtu, wala hamlaumu.

Pili hutafuta ushahidi zaidi. Kama mmoja amesema, hutafuta wa pili na wa tatu ambao hawakukaa pamoja kupanga maneno. Hutafuta barua, vyeti vya hospitali, tiketi za safari.

Tatu humlinda mtoa habari. Asiyetaka jina lake litajwe, halitajwi.

Nne humwuliza mtuhumiwa. Hata mtu anayetuhumiwa kwa kosa kubwa ana haki ya kujibu kabla habari haijatolewa.

Tano hufuatilia. Habari ikishatoka hairushi karamu. Huuliza tena: Je, hatua imechukuliwa?

Mfano mzuri ni wa Afghanistan. Khalida Popal, aliyekuwa nahodha wa timu ya wanawake ya nchi hiyo, alikusanya maelezo ya wachezaji walionyanyaswa. Novemba 2018 Suzanne Wrack wa gazeti la Uingereza liitwalo The Guardian aliandika habari hizo. Aliyetuhumiwa ni rais wa chama cha mpira, Keramuddin Karim, mtu mkubwa mwenye nguvu, naye alikana. Juni 2019 FIFA ilimfungia maisha asijihusishe na mpira, na ikamtoza faini ya faranga milioni 1 za Uswisi. Alikata rufaa, akashindwa. Wachezaji walisema, mwandishi akahakiki, wenye mamlaka wakalazimika kutenda. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na kwetu Unguja?

Kwetu Unguja wanawake wamekuwa wakicheza mpira kwa miaka mingi, na maneno wameyavumilia kwa miaka hiyohiyo. Mwaka 2007 Florence Ayisi, mtengenezaji filamu kutoka Kamerun, alitoa filamu juu ya timu ya hapa Zanzibar iitwayo Women Fighters. Katika filamu hiyo wachezaji wanasema wenyewe kwa nini wanaupenda mpira, na jamii nayo inasema inavyowaona. Mwaka 2015 ikatoka nyingine, juu ya timu ya New Generation Queens. Watu wa mbali wakatambua kwamba mwanamke wa Kizanzibari anaweza kuwa Muislamu mwema na akapiga mpira.

Ubaguzi mwingine ulitoka nje. Mwaka 2011 wanawake wa Iran walizuiwa kucheza mechi ya kutafuta nafasi ya Olimpiki mjini Amman, Jordan, kwa sababu ya mitandio yao. Waliambiwa vazi hilo halikubaliki uwanjani. Wachezaji na watetezi wao walipiga kelele, waandishi wakaandika, na mwaka 2014 mtandio ukaruhusiwa rasmi. Kwa hiyo mzee anayesema "mpira utamvua mwanangu stara" ajue kwamba hoja hiyo ilikwisha. Mtoto anaweza kucheza na stara yake.

Jibu letu kwa yule mama

Tulimjibu hivi. Khofu yako ni ya haki, lakini dawa yake si kumfungia mtoto ndani. Hatari haikai uwanjani tu. Inaweza kukaa chuoni, skuli, dukani, na hata nyumbani. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Dawa ni kuwa macho.

Nenda kiwanjani ukaangalie mazoezi. Mjue kocha kwa jina na kwake anakokaa. Mweleze kwamba mtoto arudi kabla ya Magharibi. Pasiwe na mazoezi ya mtoto mmoja na kocha peke yao. Timu ikisafiri, aende na mama mmoja katika wazazi. Kocha mwema hatochukia haya. Atafurahi, maana yanamlinda na yeye.

Zungumza na mtoto kila siku. Mwambie: "Mtu akikugusa kwa njia usiyoipenda, au akakwambia usimwambie mama, njoo uniambie. Sitakupiga wala sitakutoa mpirani."

Na likitokea la kutokea, usioneane muhali na mtu. Hapa petu mambo mengi huharibika kwa muhali. Huyu ni jirani, huyu ni ndugu wa bwana, basi tunayamaliza nyumbani. Anayefaidika ni mkosaji, na kesho atamtenda mwengine. Mpeleke mtoto hospitali upesi, siku hiyohiyo, na zisipite saa 72, maana baada ya hapo dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI haifai tena. Usimkoshe wala usifue nguo zake kabla daktari hajamwona. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja kipo kituo cha Mkono kwa Mkono, kilichoanzishwa mwaka 2011, ambapo daktari, polisi na mshauri hupatikana pahala pamoja. Mjulishe na sheha. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamlinda mtoto wako. Haiulizi kama wewe ni tajiri au maskini.

Mwisho, andika. Ndiyo, wewe uliyejifunza kuandika juzi. Andika siku, saa, mahali, na alivyosema mtoto kwa maneno yake. Karatasi ile itakusaidia polisi na mahkamani, kwani kichwa husahau. Lakini jina la mtoto usilitangaze mitaani wala kulituma kwenye simu za watu. Hiyo ni aibu juu ya jeraha.

Yule mama alisikiliza, kisha akasema: "Kumbe kisomo si cha kusoma barua tu." Alhamisi iliyofuata tulimwona pwani, amekaa juu ya ngalawa iliyopanda mchangani, akimtazama binti yake akikimbia. Mjomba hakuwepo. Bado hajakubali. Mama anasema atamleta kisomoni, na sisi tunamngoja.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Annet Negesa alitendewa nini kabla na baada ya upasuaji? Kipi kingefanywa tofauti?

2. Kwa nini Jan Hempel alichukua miaka mingi kusema? Katika shehia yenu ni nini huwazuia watoto kusema?

3. Taja hatua tano za mwandishi mwema. Uvumi na habari vinatofautianaje?

4. Je, mnamjua kocha wa watoto wenu? Wiki hii nendeni mkamwone, kisha mtuandikie mliyoyakuta.